Mwiba, Kufuli na Sauti ya Tabita

Wengi wenu mliokuja kunipa pole msiba uliponifika mmekuwa mkiniuliza kwa nini gramafoni yangu imenyamaza. Mke wa mchungaji aliniuliza kwenye ngazi za kanisa, na mwalimu mwenzangu wa darasa la tatu akaniuliza mbele ya watoto. Nimechoka kujibu vipande vipande. Basi hii hapa safari yangu ya Makambako na Igwachanya, tangu nilipofunga mlango hadi niliporudi kuufungua, mjionee wenyewe. Siwalaumu ninyi. Wa kulaumiwa ni huyu anayeandika, ambaye anajua kuandika kuliko anavyojua kutunza kitu.

Mnaikumbuka santuri yenyewe. Mwaka mmoja kabla mke wangu Tabita hajafariki, alipita hapa Njombe Mzungu mmoja mwenye gari la mitambo ya kunasa sauti, akikusanya nyimbo za wenyeji. Aliwapanga wanawake foleni pale shuleni. Tabita aliimba wimbo wa kupalilia ulezi, ule aliofundishwa na mama yake, peke yake ndani ya ofisi yangu, nasi wengine tukatolewa nje tusije tukakohoa. Alipotoka alikuwa ameshika santuri mkononi. Mzungu alikuwa ameikata palepale: bati jembamba lililopakwa kitu cheusi, laini kama nta. Wanawake wengine hawakupewa kitu ila chumvi. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Gramafoni nilikuwa nayo tayari, ile ya sanduku ya kuzungusha kwa mpini, niliyoipata kwa askari mmoja aliyerudi kutoka vitani. Kila tulipoipiga ile santuri, Tabita alisimama karibu nayo, na wimbo ulipokwisha tu aliuinua mkono wa gramafoni upesi, hata neno halijakauka. Alisema tusiimalize sindano bure. Nikasema moyoni, nimeoa mwanamke mwangalifu. Nami nikaishika desturi hiyo: wimbo ukiisha, mkono juu.

Kisha kikaja kichomi cha mwezi wa sita, na siku tisa zikatosha kumchukua.

Kwetu mfiwa humsimulia kila anayefika jinsi marehemu alivyoanza kuugua, tangu siku ya kwanza hadi pumzi ya mwisho, hata kama ni mara ya hamsini. Mgeni aliyekosa kusimuliwa huona kama hakupokewa. Mimi, baada ya kusimulia, nikawa namwekea na sauti yake. Ilianza kwa shemeji mmoja, ikaenea. Mtu ametembea siku mbili kutoka Bulongwa, mwingine ametoka Lugarawa na vidonda miguuni, utamwambiaje kwamba santuri imechoka? Sindano zilipokwisha nikazinoa zile zilizobaki kwenye kinoo, jiwe lilelile ninalonolea nyengo ya kufyekea. Na wazee waliokaa nje ya dirisha walipolalamika kwamba hawasikii, nikafunga kufuli la mlango wa stoo juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni. Sauti ikakua. Mkaniambia, Mwalimu una akili. Nikaamini.

Matanga yalikuwa yameisha zamani Eliza, mdogo wake Tabita, alipokuja kutoka Igwachanya na ujumbe wa mama yao. Mama mkwe wangu hakufika msibani. Miguu yake imekufa ganzi, hainuki kitandani bila kushikwa, na masikio yake ni mazito. Eliza alikaa kwenye kigoda, akausema ujumbe kama alivyoagizwa, bila kuongeza kitu.

"Mama anasema hivi: watu wa Bulongwa wamemsikia mwanangu. Watu wa Lugarawa, hata wasiotujua, wamemsikia. Mimi niliyemzaa sijamsikia. Mkwe wangu aniletee kabla sijafa."

Jioni hiyohiyo niliipiga santuri peke yangu, nione iko katika hali gani. Nilisikia kama mvua juu ya mabati, na nyuma ya mvua hiyo mtu fulani akiita kutoka ng'ambo ya bonde. Ule wimbo sikuutambua. Nikakaa chini.

Nilikuwa nimesikia habari za fundi mmoja katika kambi ya watengeneza barabara kule Makambako, mtu wa mitambo ya simu za upepo, ambaye inasemekana amejitengenezea gramafoni ya umeme isiyokwaruza. Nikaomba ruhusa ya siku tano.

Jumatatu asubuhi, Njombe. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vizingiti, na maporomoko ya Ruhuji niliyasikia bila kuyaona. Nilipata nafasi kwenye lori la viazi, mbele, kwa dereva Mhehe anayependa maneno. Sanduku la gramafoni nilililaza miguuni. Santuri niliizungushia kitenge cha Tabita mara tatu nikaipakata mapajani, imelala, maana nilikuwa nimegundua kwamba ikisimama inajikunja.

"Mwalimu, umempakata nani huyo? Bibi harusi?" dereva aliuliza.

"Ni mke wangu," nikasema.

Alicheka sana. Nilimwacha acheke, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kumsimulia tangu siku ya kwanza hadi pumzi ya mwisho. Baadaye, tulipokuwa tumekwama kwenye tope karibu na Mtwango na watu wameshuka kusukuma, alinitazama nikiwa nimebaki kitini na kile kitenge, akaniambia nishuke kama wenzangu. Nilimweleza basi, kwa maneno machache. Hakusema pole. Alivua koti lake, akaliweka chini ya santuri kuongeza ulaini, akashuka kusukuma mwenyewe. Kutoka hapo alikwepa mashimo kana kwamba amepakia mayai.

Saa nane mchana, Makambako. Mahali penyewe ni njia panda tu: barabara ya Iringa, barabara ya Mbeya, na hii yetu iendayo Songea. Maduka machache ya Wahindi, mapipa ya petroli, malori yanayosubiri abiria au mizigo, na upepo usiochoka unaorusha vumbi hata ndani ya chai. Kambi ya barabara ilikuwa nje kidogo, safu mbili za vibanda vya mabati. Mlinzi akanielekeza kwenye kibanda chenye waya uliofungwa juu ya mti mrefu.

Fundi mwenyewe aliitwa Hamisi, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma na macho mekundu ya kazi ndogondogo. Vita vilimfikisha Burma katika kikosi cha simu, na ufundi wake aliupata huko. Alinipa kiti, akaagiza chai, akaniuliza habari za Njombe, za njiani, za baridi, za shule, ndipo akageuza macho kwenye kitenge.

"Sasa Mwalimu, tumwone mgonjwa."

Nilimfungulia. Hakuigusa santuri kwa vidole. Aliiinua kwa viganja, pembeni, akaipeleka dirishani na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, muda mrefu hata chai yangu ikapoa. Kisha akaomba kuziona sindano. Nikampa kopo la sindano. Akazimwaga kwenye karatasi, akachukua moja, akaitazama, akaiweka, akachukua nyingine.

"Hizi zimepita wapi?"

"Nilizinoa."

"Kwa kitu gani?"

"Kinoo."

Hakunicheka. Heri angenicheka. Alinieleza taratibu, kama mimi ninavyowaeleza watoto hesabu ya kugawanya. Alisema santuri za dukani ni ngumu, nazo ndizo huila sindano, ndiyo maana sindano hubadilishwa. Lakini hii ya kukatwa papo kwa papo ni laini, haikuumbwa kwa chuma kabisa. Sindano butu ingeikwangua polepole. Sindano iliyonolewa ni patasi, na mimi nilikuwa nikiisukuma patasi ndani ya mfereji wa sauti kila mgeni alipobisha hodi.

"Na hili kufuli la nini?" akauliza, maana lilikuwa bado limefungwa kwenye mkono wa gramafoni kwa ukanda wa ngozi. Sikuwa nimekumbuka kulitoa.

Nikamwambia wazee walikuwa nje ya dirisha.

Alikuwa na mizani ndogo ya barua. Aliutegesha mkono wa mashine yake upande mmoja, na upande mwingine akaweka punje za mahindi moja moja. Punje kumi na nane zikatosha kuusawazisha. Kisha akautegesha mkono wangu pamoja na kufuli lake. Alimwaga punje kwa mikono miwili hata sahani ya mizani ikajaa na nyingine zikamwagika sakafuni, na mkono wangu haukunyanyuka. Niliinama nikaziokota punje zile, kwa sababu sikutaka anione uso.

Mashine yake haikuwa ya kuvutia macho. Sahani nzito ya chuma aliyoitoa kwenye gari bovu, juu ya ubao, chini yake mota ya umeme, na mkono mwembamba wa mwanzi wenye nati za shaba mkiani. Alisema uzuri wake wote uko katika mambo matatu: sahani isiyotikisika, mwendo usiobadilika, na mkono usio na kiburi. Akaweka bakuli la maji juu ya ubao, akachomeka vipande vya karatasi chini ya ubao hadi maji yakalala sawa. Akabandika alama nyeupe ukingoni mwa sahani, akanipa saa yake niitazame, na yeye akahesabu mizunguko kwa dakika. Themanini na mbili. Akakaza skrubu. Sabini na sita. Akalegeza kidogo. Ilipofika sabini na nane alirudia mara tatu ili ahakikishe. Nilitamani kumwambia afanye haraka, lakini haraka yangu ndiyo iliyotufikisha pale.

Sindano ndiyo iliyompa taabu. Aliniambia chuma changu kimechimba chini ya mfereji, huko hakuna kitu tena. Lakini huenda kuta za juu za mfereji zimebaki. Hivyo alijaribu sindano nene, isiyofika chini, ipande juu ya kuta kama mtu anayevuka mtaro kwa kutanua miguu. Ya kwanza iliteleza nje. Ya pili ilileta mngurumo. Kwa ya tatu aliondoa nati moja mkiani, akaongeza punje mbili za uzito, akausogeza mkono mzima mbele kwa unene wa ukucha ili sindano ielekee sawasawa na mfereji. Akaushusha.

Nilimsikia Tabita. Alikuwa mbali na amefunikwa, na kuna mahali alipotea kabisa kwa mistari miwili mitatu, lakini alikuwa yeye, na ile pumzi yake fupi kabla ya kiitikio. Nilishika ukingo wa meza. Wimbo ukafika mwisho, nami kwa mazoea nikanyoosha mkono kuinua.

Fundi akanizuia. "Mwache amalize, Mwalimu. Bado kuna mistari."

"Wimbo umekwisha."

"Wimbo, ndiyo. Santuri bado."

Ndipo ikaja sauti yake, safi, karibu kabisa, kana kwamba amekaa kwenye pipa pale pembeni. Sehemu ile haikuwa imeguswa na sindano hata mara moja tangu siku ilipokatwa. Alisema kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha adabu cha kuongea na wakubwa: "Samahani, bwana. Nimekosea hapo katikati. Naomba niimbe tena."

Sauti ya mwanamume ikajibu, "Inatosha, mama." Kisha mkwaruzo mtupu.

Fundi Hamisi aliinua mkono wa mwanzi, akausimamisha kwenye kishikizo chake, akatoka nje. Nilibaki na upepo ukigonga mabati. Nilielewa basi kwa nini wengine walipewa chumvi na mke wangu akapewa santuri. Ilikuwa imeharibika. Mzungu hakuitaka. Na Tabita alijua siku zote. Alisimama karibu na gramafoni mwaka mzima akiuwahi ule mkono, ili mimi niendelee kujivuna mbele za watu, na mimi nikadhani anaionea huruma sindano. Nililia pale kama sikuwahi kulia makaburini.

Jumanne, Makambako bado. Nilimwomba fundi achukue mashine yake twende Igwachanya, nikamwambia habari za mama mkwe. Alisikitika kwa kweli. Mashine haiendi bila jenereta ya kambi, jenereta haiondoki bila msimamizi, na kambi yenyewe ilikuwa inahamia upande wa Iringa wiki ileile. Kumleta mama yule juu ya lori haikuwezekana. Eliza alikuwa ameniambia kwamba hata kumgeuza kitandani ni watu wawili.

"Basi tuitengeneze hii yako," fundi alisema, "iwe na adabu kidogo."

Siku nzima tuliifanyia kazi. Alilifungua sanduku, akaipaka springi mafuta, akarekebisha mwendo kwa ile alama nyeupe. Alikunja waya mnene ukawa mti mdogo juu ya kifuniko, akapitisha uzi, upande mmoja akafunga mkono wa gramafoni na upande mwingine nati za kuuvuta juu, hadi ukawa unagusa tu. Akaniongoza hadi kwenye migunga nyuma ya kambi tukachuma miiba mikavu. Aliikata, akaipaka nta, akaichonga kwa msasa na kunifundisha kuitia mahali pa sindano. Mwiba hauchimbi, alisema. Ukichoka, unakatika wenyewe, unachukua mwingine. Nilifanya mazoezi kwa santuri mbovu ya kwake mpaka nikaweza kuushusha mwiba bila kukwaruza.

Tulipoagana alinipa miiba sita ndani ya kibiriti. Kufuli alinirudishia pia, kwa kuwa ni mali yangu, akalishika kidogo kabla ya kuliachia.

"Ile mistari ya mwisho, kwa mwiba utaisikia labda mara kumi, kumi na tano. Kwa chuma na hili, mara moja. Ya pili hakuna."

Jumatano, Igwachanya. Lori la Mbeya lilinishusha njiani, na sehemu iliyobaki nilikwenda kwa miguu, sanduku kichwani na kitenge kifuani, kupitia mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Kulikuwa na joto kuliko kwetu. Nilifika mchana, na Eliza akanipokea uani.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Mama anaendeleaje?"

"Anakungoja. Tangu alfajiri amevaa."

Mnajua wenyewe adabu ya mkwe. Katika miaka kumi na minne ya ndoa sikuwahi kukaa chumba kimoja na mama yule, wala kumtazama usoni, wala kumtumia neno ila kupitia mtu. Nilimwomba Eliza alipeleke sanduku ndani kando ya kitanda, mimi nikakaa kizingitini, nimewapa mgongo, nikimwelekeza: weka bakuli la maji juu, chomeka kipande cha gunzi upande wa kushoto, sasa zungusha mpini mara ishirini. Lakini kuuweka mwiba kwenye mistari ile ya mwisho Eliza hakuweza. Alijaribu mara mbili, mikono ikamkataa.

Mama akasema kitu kwa Kibena. Eliza akanitafsiria ingawa nilisikia. "Anasema uingie. Aliyekufa ameshatuvunjia mwiko."

Niliingia nikiwa nimeinamisha macho. Nilipiga magoti mbele ya gramafoni, nikaushusha mwiba. Sauti ilitoka ndogo na safi. Eliza alijiziba mdomo kwa khanga. Nilimwona mama kwa pembe ya jicho ameinamisha kichwa hadi sikio likagusa sanduku, na kukunja uso kama mtu anayetafuta sindano gizani. Ikaisha.

"Mbona kimya?" aliuliza.

Nikarudia. Nikarudia tena na mwiba mpya. Eliza alikuwa analia kwa sauti sasa, na hata kilio chake mama hakukisikia. Mara ya nne alirudisha kichwa kwenye mto, akasema polepole, na safari hii akanisemesha mimi.

"Watu wa Bulongwa waliniambia. Walisema mkwe wako anaweka kufuli, sauti inajaa nyumba. Wageni wote mliwawekea kufuli. Mimi mmeniletea mwiba."

Nilitaka kumweleza. Nilitaka kumwambia habari za kuta za mfereji na punje kumi na nane. Ningemwambia nini? Kwamba wageni walikula nyama, na sasa kwa kuwa mfupa umebaki tunaanza kupima? Nilikuwa na santuri ambayo ningeweza kuisikiliza mara kumi zaidi, mimi peke yangu, nyumbani kwangu, nikiwa na masikio mazima. Na huyu aliyemzaa hana hata mara moja.

Nilifungua ule uzi wa fundi. Nikatoa mwiba, nikatia sindano ya chuma, ile niliyoinoa vizuri kuliko zote. Nikafunga kufuli. Eliza alinishika bega akisema, "Shemeji, hapana," nami nikaushusha mkono.

Sauti ilijaa nyumba.

Mama alinyanyuka mwenyewe kutoka kwenye mto, yeye ambaye hugeuzwa na watu wawili. Alicheka. Alipiga kofi moja. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye, ni Tabita." Nilitazama nyuzi nyembamba nyeusi zikijikunja mbele ya sindano, zikidondoka pembeni, na nikajua hayo ndiyo maneno yake yanayotoka kwenye santuri na kubaki sakafuni. Nikauinua mkono.

"Anasema nini? Hicho ni Kiswahili, sikielewi."

Hapakuwa na haja ya kupitia mtu tena. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ana macho ya mke wangu, hakuna aliyewahi kuniambia.

"Anasema amekosea katikati ya wimbo, mama. Anaomba aimbe tena."

"Alikosea," akasema, na kutikisa kichwa kwa upole. "Palepale alipokuwa akikosea tangu mdogo. Nilimfundisha mimi wimbo ule." Akajilaza, akavuta blanketi, akatengeneza sikio lake kuelekea kwenye sanduku. "Mwambie aimbe."

Nilizungusha mpini. Niliushusha mkono mwanzoni mwa santuri, kwa kuwa sikujua la kufanya lingine. Ulikuja mngurumo wa mvua juu ya mabati, ukaendelea, ukaendelea hadi mwisho, na mistari ya mwisho nayo ilikuwa mvua ileile. Mama hakuondoa sikio. Baada ya kitambo akauliza kama bado hajaanza. Eliza akamjibu kwa kumpigia kelele sikioni kwamba bado.

Ijumaa, Njombe. Nilirudi kwa lori la wakata miti, nyuma, na santuri nikaisimamisha kwenye sanduku bila kuipakata, kwa kuwa haikuwa na cha kuumia tena. Mlango ulikuwa kama nilivyouacha. Kufuli nimelirudisha stoo.

Nilichojifunza ni kidogo, na kimechelewa. Nilimpigia sauti yake kila aliyebisha hodi, nikaisikia zaidi ya mtu yeyote kati yenu, na sikuwahi hata siku moja kumwacha amalize. Yeye alikuwa anauwahi mkono kwa aibu, mimi nikauwahi kwa mazoea, na neno pekee alilolisema kwa sauti yake mwenyewe likakaa pale chini ya pua zangu mwaka mzima na zaidi. Sijui ningefanya nini kama ningelisikia akiwa hai. Labda ningemwambia aimbe, pale jikoni, bila mitambo.

Kwa hiyo msiniulize tena habari za gramafoni. Atakayekuja kunipa pole nitamsimulia kwa mdomo, tangu siku ya kwanza, kama desturi inavyotaka, na hapo nitanyamaza.

Jumapili iliyopita baada ya ibada mtu mmoja aliyetoka Igwachanya aliniita kando. Alisema ana salamu za mama mkwe wangu. Anaendelea vizuri, analala ameelekeza sikio upande ule nilipoweka sanduku, na anauliza kama Tabita ameshaanza.